Kaniki Ndani ya Mfarishi

Nilianza kushona viraka nikiwa eda. Kabla ya hapo nilikuwa nikiijua sindano kama kila mwanamke wa rika langu anavyoijua: kurudishia kifungo, kukata doti ya kanga na kuipinda, kuziba shati la mtoto lililochanika kwa kupanda miembe ya watu. Sikuwa mshonaji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31, na kazi ya mkono wangu ilikuwa chaki.

Mume wangu alifariki mwezi wa Machi mwaka 2011, baada ya kulala na kiharusi kwa muda wa miaka miwili na ushei. Katika muda huo wote nilikuwa nikimgeuza kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asije akafanya vidonda. Alipoondoka, mwili wangu haukupata habari. Saa nane ya usiku niliamka, saa kumi niliamka, nikanyoosha mikono kumgeuza mtu asiyekuwapo. Mchana nilikaa mkekani na wageni, mikono ikawa haitulii. Nilisokota pindo la kanga mpaka likafumuka. Daktari kijana alinipa vidonge vya usingizi, na kweli nililala, lakini niliamka kichwa kizito kama gunia la chumvi.

Shangazi yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha pita miaka 80, alikuja kutoka Pangani kukaa nami eda. Alinitazama siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, mikono yako imeachishwa kazi bila ya kupewa notisi. Lete ule mfarishi wa bibi yako."

Labda vijana wa leo hawalijui neno hili. Mfarishi ni tandiko nene lililoshonwa kwa tabaka za nguo, zikashikizwa pamoja kwa mishono inayopenya juu hadi chini. Mwingine hutiwa pamba au sufi ndani. Ule wa bibi yangu, mzaa baba, haukuwa na pamba wala sufi. Ulikuwa nguo juu ya nguo. Nilipokuwa mtoto ulitandikwa juu ya kitanda chake cha kamba, na sisi wajukuu tuligombea kulala upande wa ukutani. Bibi alifariki mwaka 1981, mfarishi ukaja kwangu, nikautia sandukuni, na humo panya wakala pembe moja. Shangazi alitaka tuuzibe. Aliona, na nadhani aliona sawasawa, kwamba mjane asiyelala anafaa kupewa kazi ndefu isiyo na haraka.

Huwezi kuziba mfarishi bila ya kuufumua kidogo. Nikakata uzi kwenye ile pembe iliyoliwa, nikainua tabaka ya kwanza. Ilikuwa kanga niliyoikumbuka, nyekundu na nyeusi, maandishi yamekwisha futika. Chini yake kanga nyingine, imechakaa hadi unaona mwanga ukiinyanyua. Chini yake tena kitambaa cha mfuko, kigumu. Shangazi akasema hicho ni cha wakati wa vita vya pili vya dunia, nguo zilipoadimika na watu wakavaa walichopata. Nikaendelea. Mwisho kabisa, katikati ya vyote, nikakuta kipande cha kitambaa cheusi kinachoelekea rangi ya buluu, kimeoza pembeni, kikubwa kama mtandio.

"Hiyo kaniki," akasema Shangazi. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hiyo ni ya mama yake."

Nilikuwa na umri wa miaka 61. Nilikuwa nimefundisha historia darasa la tano na la sita mwaka baada ya mwaka. Niliwafundisha watoto wa watu biashara ya utumwa, nikachora ramani ubaoni, nikaonyesha njia za misafara kwa fimbo: Kilwa, Bagamoyo, Pangani. Sikuwahi kujua kwamba mama yake bibi yangu aliletwa Pangani mdogo, kutoka bara upande wa ziwa, akakulia katika mashamba ya miwa ya bonde la mto. Bibi yangu mwenyewe alizaliwa mwaka 1907. Wajerumani walikuwa wametoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Hawakuwaachia wazazi wao. Basi bibi alizaliwa muungwana tumboni mwa mtumwa, kwa tofauti ya mwaka mmoja tu, na mama yake akaendelea hivyo hivyo mpaka mwaka 1922, Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika kwa sheria. Bibi alikuwa msichana wa miaka 15 siku mama yake alipokuwa sawa naye.

Mambo haya kwetu pwani hayasemwi. Watu wanajua, na wanajua kwamba wengine wanajua, na arusi zinakwama bila ya sababu kutajwa. Ndiyo maana nimechukua miaka mingi kabla ya kuyaandika.

Nilimwuliza Shangazi, kwa nini kaniki? Kwa nini asiitunze kanga ya mama yake, au bangili? Akanijibu kwamba bangili hakuwa nayo. Nikaanza kutafuta, kwa vitabu nilivyokuwa navyo na vile alivyonitumia binti yangu, na jibu nililolipata lilinipeleka mbali kuliko nilivyotazamia.

Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili. Ndugu yake asiyetiwa rangi anaitwa merikani, na jina lake linasema alikotoka. Mwaka 1833 Seyyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta majora ya kitambaa kizito kisichopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kilipendwa kwa sababu kilikuwa imara. Wengine walikiiga, lakini mnunuzi wa bara alikipima kwa vidole na kukitambua. Kilikuwa fedha. Misafara ilipokwenda bara ilibeba majora ya merikani, hongo ililipwa kwa merikani, chakula kilinunuliwa kwa merikani. Na pembe za ndovu zilizorudi pwani kwa thamani ya kitambaa kile zilifuatana na watu.

Haya nilikuwa nikiyafundisha. Jambo ambalo sikuwahi kujiuliza ubaoni ni hili: pamba yenyewe nani aliichuma? Salem na Lowell, kwenye viwanda vile vya nguo, ni kaskazini ya Marekani, penye theluji, pamba haioti. Ilitoka kusini, Alabama, Mississippi, Georgia, ikapandwa na kupaliliwa na kuchumwa na watumwa Waafrika, ambao kufikia mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861, pamba ikakwama, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Kihindi na vya Kiingereza vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo kwa miaka karibu 30 kabla ya hapo, mtumwa wa upande ule wa bahari alichuma pamba, na mtumwa wa upande huu akavikwa. Merikani na kaniki ndiyo yaliyokuwa mavazi ya watumwa na maskini pwani yetu nzima. Hapakuwa na haja ya kumwuliza mwanamke yeye ni nani. Nguo ilikuwa imekwisha sema.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, jambo la kwanza wanawake walilolifanya kwa wingi lilikuwa kubadili nguo. Waliiacha kaniki, wakajifunga kanga. Na kanga yenyewe, hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, ilianzia kwenye viraka. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata nguo moja ya leso sita. Ziliitwa leso za kushona. Baadaye wafanyabiashara waliona biashara iko wapi wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Lakini wa kwanza walikuwa wanawake na sindano zao, wanapanga ua la huku likae na ua la kule. Mombasa mpaka leo wanaiita leso.

Nikarudi kwa Shangazi na habari hizo. Akasema, "Sasa umeelewa. Kaniki hakuichagua yeye. Lakini kuiweka ndani na kuifunika kwa kanga, hilo alichagua." Sikuwa na la kuongeza.

Binti yangu anaishi Marekani. Alikuja kwenye msiba, akaniona na mfarishi mapajani, na aliporudi akanipelekea kitabu kikubwa cha picha. Kilihusu kijiji kimoja cha Alabama kiitwacho Gee's Bend, kilicho ndani ya pindo la mto, maji pande tatu. Nilikiweka kando ya mto wa kulalia kwa miezi. Nitasimulia kidogo.

Joseph Gee alianzisha shamba la pamba pale mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likawa la Mark Pettway, jamaa yao, akahamia kutoka North Carolina na watumwa wapatao 100, wakitembea kwa miguu. Uhuru ulipokuja mwaka 1865 wengi hawakuwa na pa kwenda. Wakabaki wakilima pamba ile ile kwa mkataba wa kugawana mavuno, na jina la bwana wakabaki nalo. Mpaka leo ukifika pale utakuta watu wengi wanaitwa Pettway bila ya kuwa ndugu. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akatuma watu wadai. Walichukua ng'ombe, nyumbu, majembe, viazi vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya majira ya baridi, kila kitu. Nikasoma habari hiyo nikiwa mjane mwenyewe, nikaona haya kwa niaba yake.

Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, wakazibandika magazeti ukutani kuzuia upepo. Hapo ndipo mfarishi ulipokuwa si pambo. Mtoto alilala chini ya mifarishi kadhaa, mmoja juu ya mwingine, au asilale. Wanawake walishona kwa walichokuwa nacho: suruali za kazi zilizokwisha kwenye magoti, mifuko ya unga na ya mbolea. Pamba ya kujaza waliizoa sakafuni mwa kinu cha kuchambulia, imechanganyika na uchafu, wakaipiga kwa fimbo hadi ikalainika. Fikiria hilo, msomaji. Watu walioishi kwa kuchuma pamba, waliizoa pamba sakafuni.

Na bado ukiitazama mifarishi yao huoni ufukara. Mtindo wao mmoja wanauita paa la nyumba: unaanza na kipande kimoja katikati, unakizungushia vipande virefu, kisha vingine, kisha vingine, kama mtu anayeitazama nyumba kutoka angani. Lakini hakuna mmoja anayefanana na mwingine. Mistari inapinda, rangi moja inakatizwa ghafla na nyingine, kama mpiga ngoma anayeacha pigo moja kusudi. Mwaka 2002 mifarishi ile ilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za nchi yao. Sina ugomvi na makumbusho. Lakini kitu kilichoshonwa ili mtoto asife kwa baridi, kikiisha kutundikwa ukutani na kuandikiwa usiguse, kinaonekana kimepotea njia.

Katika kitabu kile kuna mfarishi mmoja niliourudia mara nyingi. Ulishonwa mwaka 1942 na mama aitwaye Missouri Pettway. Mume wake alikuwa amefariki. Alichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua na jasho, akazikata, na binti yake Arlonzia akamsaidia. Arlonzia alikuja kueleza uzeeni kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe, na kujifunika penzi lake. Magoti ya suruali bado yanaonekana kwenye mfarishi, rangi imekolea palipokuwa na mfuko au kiraka. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu. Mashati ya marehemu mume wangu yalikuwa bado yamekunjwa kabatini, na nilikuwa nimewaambia watu kwamba nitayagawa baada ya arubaini. Arubaini ilikuwa imepita.

Kuna simulizi moja ambayo ni lazima niionye, kwa sababu binti yangu aliipenda sana. Husemwa kwamba watumwa wa Marekani waliokuwa wakitoroka kwenda kaskazini waliongozwa na mifarishi iliyoanikwa uani, kila nakshi ikiwa na maana yake: jiandae, pita huku, hapa pana salama. Habari hiyo ilienea kwa kitabu kilichotolewa mwaka 1999, na wanahistoria wamekwisha tafuta ushahidi wake wasiupate. Sisi watu wa kanga ni wepisi kuiamini, kwa kuwa kwetu nguo husema kweli. Mwanamke humjibu mke mwenzie kwa kupita tu mlangoni pake. Lakini si kila nguo ina maneno.

Ya kweli inanitosha. Harriet Powers alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye picha za visa vya Biblia, Adamu na Hawa, Yakobo na ngazi yake, akauonyesha kwenye maonyesho ya pamba mwaka 1886. Mwalimu mmoja mzungu, Jennie Smith, akataka kuununua, yeye akakataa. Mwaka 1891 hali ikawa ngumu, akampelekea. Alitaka dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuuacha alieleza kila picha, moja moja, ili maana isipotee, na baadaye alirudi mara kadhaa kuuona. Mfarishi huo sasa uko kwenye makumbusho ya taifa huko Washington. Mimi huwaza zile ziara zake. Anabisha hodi, anakaribishwa, anautazama, anaaga.

Nikarudi kwenye ufumaji na ufumuaji wangu. Kuziba pembe moja kulikwisha geuka kazi kubwa, kwa sababu uzi wa zamani ulikuwa umeoza na kila niliposhona hapa palifumuka pale. Shangazi akasema tushone mwingine, ule wa zamani tuutie ndani kama bibi alivyofanya. Nikakata kanga zangu. Kisha nikatoa mashati yale kabatini. Shati la kwanza nililishika mkasi mkononi kuanzia baada ya alasiri hadi magharibi. Shangazi hakunihimiza. Lilipopita la kwanza, mengine hayakuwa na tabu.

Watu huniuliza kama kweli kushona kunaondoa mawazo. Hakuondoi. Sikusahau kitu hata kimoja nilipokuwa nikishona. Lakini mawazo, ambayo usiku yalinijia yote kwa pamoja, mlango mmoja, yalianza kukaa foleni. Sindano inaingia, inatoka, uzi unavutwa. Ni kitambo cha wazo moja, na kabla ya jingine unapaswa kutafuta pa kuchoma. Shughuli hiyo haitaki akili yote, ila inataka kiasi chake, na kile kiasi ndicho kilichokuwa kikinitafuna. Tena pana jambo dogo ambalo nadhani ndilo kubwa: kila baada ya muda unatakiwa kuamua. Kipande hiki kikae na kipi? Kwa miaka miwili sikuwa nimeamua lolote. Daktari aliamua, maradhi yaliamua, saa ya dawa iliamua. Kuamua kwamba bluu ya shati ikae na njano ya kanga, na ukikosea hafi mtu, kulinirudishia kitu. Naamini wanawake wa Gee's Bend walilijua hilo, na mama yake bibi yangu alilijua. Nguo hawakupewa ya kuchagua. Mpangilio ulikuwa wao.

Usiku wa kwanza niliolala hadi alfajiri bila kidonge ulikuwa mwezi wa pili wa eda. Nilikuwa nimeshona hadi macho yakaniuma, nikachomwa kidole kwa sababu kastabini ya Shangazi ilikuwa kubwa kwangu, nikaweka sindano kwenye mtandio nikalala. Shangazi aliniamsha kwa swala.

Ilibaki kaniki. Nilipokuwa nikipanga vipande, binti yangu alinisomea kwa simu habari za Wasidi, jamii ya Waafrika wanaoishi milimani huko Karnataka, India, ambao wazee wao walivushwa bahari hii hii yetu karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona mifarishi kwa sari zilizochakaa, wanaiita kawandi, lakini wao huanza ukingoni, wakazunguka na kuzunguka wakiingia ndani, hadi sindano inapofika katikati ndipo kazi imekwisha. Wa Alabama wanatoka katikati kwenda nje. Hawa wanatoka nje kuja katikati. Nilifikiri sana juu ya hilo. Bibi yangu aliiweka kaniki katikati, chini ya tabaka zote, pasipoonekana. Mimi nikaiweka katikati pia, ila juu. Nilikata kipande kilichokuwa bado kina nguvu, nikakishikiza kwa bafta kwa nyuma kisipasuke, nikakizungushia mashati, nikazungushia kanga. Mfarishi wa zamani umo ndani mzima mzima, na pembe yake iliyoliwa.

Kaka yangu hakupenda. Alikuja siku niliyotoka eda, miezi minne na siku kumi imetimia, akauona umetandazwa mkekani, akauliza ile nyeusi ya nini. Nikamweleza. Alikuwa hajui kama mimi nilivyokuwa sijui, au alikuwa akijua. Sikuweza kusoma uso wake. Akasema, "Dada, funika kombe mwanaharamu apite. Tuna watoto hawajaolewa. Unatuvua nguo." Nikamwambia kwamba nguo ndiyo kwanza nimeivaa. Lilikuwa jibu la haraka, na la jeuri kidogo, na aliondoka bila ya kula.

Hakunitembelea mwaka mzima na zaidi. Shangazi alifariki katika muda huo, tukaonana mazikoni Pangani, tukasalimiana kama majirani.

Alikuja Idi ya mwaka 2013, yeye na mkewe, mvua ikawazuia wakalala. Nilimtandikia chumba cha wageni. Usiku ule palikuwa na baridi ya mvua, na mablanketi yote yalikuwa kwa watoto, nikampa mfarishi ule, nimeukunja upande wa ndani nje ili kaniki isionekane. Sikutaka maneno usiku wa Idi.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Nilipopita mlangoni pa chumba niliona kitanda kimekwisha tandikwa na mfarishi umekunjwa vizuri juu ya mto, pembe kwa pembe, kama mama yetu alivyotufundisha. Upande uliokuwa juu ulikuwa wa kaniki. Nilimkuta barazani anatazama maji yanavyotiririka uani. Nikamletea chai na vitumbua, akasogea kunipisha nikae.